Kuirekebisha Tarakilishi ya Injini Nyumbani: Funzo la Safari ya Ngong hadi Magadi

Utangulizi

Mji wa Ngong uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Dereva anayetoka hapo, akapita Kiserian na kuteremka hadi Magadi, hufika takriban mita 600 pasipo kutoka katika Kaunti ya Kajiado. Njiani hewa hubadilika: shinikizo lake Ngong ni takriban kilopaskali 80, ilhali Magadi hukaribia 94. Injini huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili kuunguza barabara gramu moja ya petroli. Kwa hivyo hewa ikibadilika, sharti mafuta nayo yapimwe upya. Makala haya yananuia kueleza jinsi tarakilishi ya gari inavyoifanya kazi hiyo, na jinsi mwanagenzi anavyoweza kujifunza kuirekebisha nyumbani bila kuiangamiza injini. Hoja yetu ni moja: ajue kuisoma kabla ya kuthubutu kuiandikia.

Jedwali la Mafuta

Katika magari ya kabureta, petroli hupita katika tundu lenye ukubwa usiobadilika. Gari lililosawazishwa Mombasa likipanda hadi Ngong, ambako hewa ni nyepesi, hupata mafuta kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zenye masizi, nguvu haba.

Mfumo wa injekta hutumia jedwali lililohifadhiwa ndani ya tarakilishi. Upande mmoja wa jedwali ni kasi ya mzunguko wa injini. Upande wa pili ni mzigo, unaokadiriwa kutokana na hewa inayoingia. Kila kisanduku kina tarakimu inayochangia kuamua injekta ifunguke kwa muda gani, muda ambao ni sehemu chache tu za elfu za sekunde injini inapozunguka bila mwendo. Kisha kihisio cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa, huarifu kutoka kwenye ekzosi iwapo mafuta yamezidi au yamepungua. Tarakilishi nayo huongeza au hupunguza kwa asilimia fulani. Asilimia hiyo ndiyo andiko la kwanza la mwanagenzi.

Kusoma

Tuchukue mfano wa gari linalopima hewa kwa kihisio kilicho karibu na kichujio. Mwenyewe analalamika kwamba linatetemeka kwenye foleni. Mwanagenzi anachomeka kifaa cha kusomea chini ya usukani na kuona kwamba tarakilishi inaongeza mafuta kwa asilimia 18 gari likiwa limesimama, lakini asilimia 3 tu likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Mwenye pupa atakimbilia jedwali na kuongeza tarakimu. Msomaji makini atajiuliza: mbona kasoro inafifia kasi inapopanda? Dalili hiyo huashiria mpira uliopasuka baada ya kihisio. Hewa isiyopimwa inapenya, na athari yake hudhihirika zaidi injini inapovuta hewa kidogo. Tiba ni mpira mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayeuficha ufa huo kwa tarakimu ameharibu jedwali lililokuwa sahihi.

Kuandika

Baada ya kuhakikisha kwamba injini ni nzima, mwanagenzi na azingatie mambo manne. Kwanza, ahifadhi nakala ya programu asilia. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Pili, betri iwe imara, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika, tarakilishi yaweza kufa kabisa. Tatu, aanzie mezani kwa tarakilishi kuukuu. Tangu mwaka 2001, Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani walipoanzisha Megasquirt, tarakilishi ya injini ambayo mtu huweza kujiundia, wengi wamejifunza kwa njia hiyo. Nne, asitegemee kihisio cha kawaida kwenye mzigo mkubwa. Vihisio vingi vya kiwandani hueleza tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, wala si kwa kiasi gani. Mzigo mkubwa huhitaji mafuta zaidi, na mafuta yakipungua huku cheche ikiwahi mno, pistoni huweza kutoboka kwa muda mfupi sana. Hapo hupasa kutumia kihisio cha masafa mapana, kubadilisha kidogo kidogo, na kuandika kila badiliko daftarini.

Hitimisho

Vitabu vya kazi hii vimeandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kijapani, ilhali fundi na mteja wake huzungumza Kiswahili. Fundi asiyeweza kumfafanulia mteja maana ya asilimia 18 hushukiwa kuwa mlaghai, hata akiwa mkweli. Tunapendekeza "mchanganyiko hafifu" pale mafuta yanapopungua na "mchanganyiko mzito" pale yanapozidi. Hata hivyo, kanuni ya injini yatuhusu sisi pia. Kabla ya kuunda istilahi, wanafunzi wa Kiswahili na watembelee karakana za Ngong na Kitengela, wasikilize maneno ambayo mafundi tayari wanayo, ndipo waandike.