Injini iliyoibeba Triumph, kisha ikaiangusha

PIKIPIKI nyingi za boda boda tunazoabiri kila siku zina silinda moja. Mnamo 1937 kampuni ya Triumph ya mjini Coventry, Uingereza, ilizindua pikipiki yenye silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na kwa zaidi ya miaka 40 ikaishi kwa mpango huo wa injini.

Aliyeibuni ni Edward Turner, mhandisi aliyejua kusoma macho ya mnunuzi. Speed Twin, kama alivyoiita, ilikuwa ya cc 500 na nyembamba kiasi kwamba kwa mbali ungedhani ni ya silinda moja. Pistoni zake zilipanda na kushuka pamoja, huku silinda zikipokezana kuwaka. Mpango huo ulikuwa rahisi kutengeneza, lakini ulikuwa na ila moja: mtetemo. Kadiri injini ilivyoongezwa nguvu ndivyo ilivyotetemeka.

Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliteketeza Coventry, kiwanda cha Triumph kikiwemo. Kazi ikahamia Meriden, kijiji cha karibu, ambako kiwanda kipya kilianza 1942.

Vita vilipokwisha Uingereza ilihitaji dola, na dola zilikuwa Marekani. Waendeshaji wa huko, wenye barabara ndefu zilizonyooka, walidai nguvu zaidi. Basi 1949 Turner akaipanua injini hadi cc 650 na kuiita Thunderbird. Mwaka wa 1953 mwigizaji Marlon Brando alionekana juu yake katika filamu ya The Wild One, na vijana wakapagawa.

Mnamo 1956 Johnny Allen wa Texas alipeleka chombo kirefu mfano wa kombora, chenye injini ya Triumph, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Alitimka maili 214 kwa saa, yaani karibu kilomita 345. Shirikisho la kimataifa la pikipiki lilikataa kuitambua rekodi hiyo. Triumph ikakosa rekodi, lakini jina ikalichukua: mwishoni mwa 1958 ikatoa Bonneville T120, yenye kabureta mbili.

Hiyo ndiyo pikipiki ambayo wazee wa Uingereza huizungumzia hadi leo kama mchumba wa ujanani. Asubuhi ulibonyeza vipini vya kabureta hadi petroli ikachuruzika, ndipo ukapiga kiki. Oili ilidondoka chini, maana kasha la injini liliunganishwa kwa vipande viwili vilivyosimama wima. Balbu za taa zilikatika kwa mtetemo. Lakini ikishika barabara, mlio wake uliwasahaulisha hayo yote. Mnamo 1963 injini na giaboksi ziliwekwa katika kasha moja, na wapenzi wengi husema zile za 1968 hadi 1970 ndizo tamu kupita zote.

Mwaka wa 1969 Honda ya Japani ikaleta CB750: silinda nne, stata ya umeme, breki ya diski mbele. Triumph ilijibu 1971 kwa fremu mpya iliyobeba oili ndani yake, na kiti kikawa juu mno hivi kwamba wafupi hawakufikisha miguu chini. Mnamo 1973 injini ikapanuliwa tena kuelekea cc 750. Kwa maoni yangu, wakubwa walikuwa wakinyoosha shuka fupi badala ya kununua jipya.

Mwaka huo huo wamiliki wakatangaza kufunga Meriden. Wafanyakazi wakayafunga malango wao wenyewe na kuzuia pikipiki zisitolewe. Mvutano uliendelea hadi Machi 1975, walipopata mkopo wa serikali, wakisaidiwa na waziri Tony Benn, na kuunda chama cha ushirika. Walijua kuunda Bonneville vizuri kuliko mtu yeyote, lakini pesa za kubuni injini mpya hawakuwa nazo. Ushirika ulivunjika 1983.

Jina la Triumph lilinunuliwa na John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, aliyejenga kiwanda kingine mjini Hinckley. Bonneville yake ya kwanza ilikuja mwaka wa modeli wa 2001, cc 790, silinda mbili bega kwa bega. Kiwanda cha Meriden kilibomolewa na nyumba za watu zikajengwa hapo. Mojawapo ya barabara za mtaa huo inaitwa Bonneville Close.