Usalama Barabarani, Sehemu ya Pili: Tairi Linapotoa Onyo

Tarehe 26 Oktoba 1986, kwenye mitaa ya Adelaide nchini Australia, Mwingereza Nigel Mansell alihitaji kumaliza wa tatu tu ili awe bingwa wa dunia wa mbio za Formula 1. Zilikuwa zimebaki raundi kama 20. Gari lilikuwa kwenye barabara iliyonyooka, likikaribia kilomita 290 kwa saa, pale tairi la nyuma la kushoto lilipopasuka. Cheche ziliruka, vipande vya mpira vikatapakaa, na gari likaanza kuyumba kushoto na kulia. Mansell alishindana na usukani mpaka gari likasimama kwenye njia ya kutokea. Hakuna aliyeumia. Ubingwa ukaenda kwa Mfaransa Alain Prost.

Picha za tukio hilo zimeonyeshwa mara nyingi mno. Yaliyolitangulia hayasimuliwi sana, na huko ndiko kuliko na mafunzo. Mapema katika mashindano hayohayo Prost alipata pancha baada ya kugusana na gari jingine, akaingia kubadilisha matairi. Mafundi wa Goodyear waliyapima matairi yake yaliyotolewa, wakaona hayajalika kama walivyohofia, wakatoa ushauri kwamba magari mengine yanaweza kumaliza bila kubadilisha. Baadaye Keke Rosberg, aliyekuwa anaongoza, alisikia kelele nyuma yake. Akaamini injini imekufa, akaliegesha gari pembeni. Aliposhuka ndipo alipoona kwamba kelele ile ilikuwa ya tairi lililokuwa linachanika. Muda mfupi tu ukapita, likapasuka la Mansell. Timu ya Mansell ikamwita haraka dereva wake mwingine, Nelson Piquet, abadilishe yake, na Prost akapita mbele akashinda.

Onyo la kwanza lilipimwa likatafsiriwa vibaya. La pili lilisikika likadhaniwa kuwa jambo jingine. Na hao walikuwa mafundi na madereva bora duniani, wenye vipimo na redio. Basi la abiria linaloondoka Mbezi jijini Dar es Salaam alfajiri kuelekea Tunduma lina dereva, utingo na masikio yao.

Wiki iliyopita makala haya yalieleza jinsi breki zinavyochoka mteremkoni. Safari hii ni zamu ya tairi na gurudumu, hasa yale matukio ambayo watu hushuka garini wakitetemeka, wakamshukuru Mungu, wakafunga spea na kuendelea na safari. Matukio hayo ni mengi kuliko ajali zenyewe, na karibu kila moja huwa na sababu inayoweza kuonekana kwa macho au kuguswa kwa mkono.

Sababu inayoongoza ni joto. Tairi linapozunguka, kila sehemu yake inayogusa lami hubonyea kisha hujinyoosha, mara mamia kwa dakika. Chukua waya mwembamba uukunje na kuukunjua haraka, utausikia ukiwaka moto mkononi. Ndivyo mpira na nyuzi za ndani ya tairi zinavyopashwa. Tairi lenye upepo wa kutosha hubonyea kidogo. Lenye upepo pungufu hubonyea sana, na joto lake hupanda haraka kuliko hewa inavyoweza kulipoza. Ongeza mzigo uliozidi, mwendo mkali na lami ya saa nane mchana kati ya Manyoni na Singida, na gundi inayoshika mpira kwenye mikanda ya chuma huanza kuachia.

Hapa pana imani moja inayopaswa kupingwa waziwazi. Madereva wengi, wakiwemo wenye uzoefu mkubwa, hupunguza upepo kabla ya safari ndefu ya mchana, kwa hoja kwamba hewa hupanuka kwa joto na tairi lililojaa litapasuka. Ni kweli hewa hupanuka: kipimo hupanda kwa takriban paundi moja kila joto linapoongezeka nyuzi tano au sita. Lakini watengenezaji wa tairi wameshalihesabu ongezeko hilo. Kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva ni cha tairi lililopoa. Anayetoa upepo tairi likiwa la moto anatengeneza upungufu, na upungufu ndio mzazi wa joto analolikimbia.

Ushahidi mkubwa kabisa wa jambo hili ulitoka Marekani. Miaka ya 1990 magari ya Ford Explorer yalifungwa matairi ya Firestone. Ford walipendekeza upepo wa paundi 26 ili gari liwe laini na lisipinduke kirahisi; baadaye Firestone walisema unapaswa kuwa 30. Matairi yakaanza kubanduka ganda la juu barabarani, zaidi katika majimbo ya joto kama Texas, Arizona na Florida, na mara nyingi lile la nyuma la kushoto. Gari refu lenye kimo cha Explorer likipoteza tairi la nyuma kwenye mwendo wa barabara kuu, hupinduka kwa urahisi. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha matairi hayo na vifo 271.

Upepo haukuwa sababu pekee. Uchunguzi uligusa pia namna tairi lilivyobuniwa na kiwanda cha Decatur, Illinois, kilikotoka sehemu kubwa ya matairi mabovu. Hata hivyo linaloumiza zaidi katika kisa hiki ni kalenda yake. Mwezi Julai 1998, miaka miwili kabla ya tangazo, mchambuzi wa kampuni ya bima ya State Farm alikuwa ameona madai 21 yanayofanana na akaiandikia mamlaka ya usalama. Hakuna hatua iliyochukuliwa. Mwaka 1999 Ford walikwisha kuanza kuwabadilishia matairi wateja wa Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, ambako jua lilikuwa limetoa hukumu mapema, huku wateja wa Marekani hawajaambiwa lolote. Sheria iliyosainiwa Novemba 2000 ndiyo iliyozaa ile taa ya njano ya dashibodi inayowaka upepo ukipungua, taa ambayo sasa ipo kwenye baadhi ya magari yanayoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam, na ambayo wengine huomba fundi aizime.

Umri wa tairi nao hufichwa na sura yake. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, na wengi wa watengenezaji wa tairi huweka ukomo wa miaka kumi hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu. Mwigizaji Paul Walker alipofariki garini huko California mwaka 2013, wachunguzi walitaja mwendo kuwa sababu, wakaongeza kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa.

Kwa Afrika Mashariki tarakimu hizo nne zina uzito wa pekee. Arusha ilikuwa na kiwanda cha General Tyre, na Nairobi ilitengeneza matairi ya Yana. Vyote viwili vilishaacha uzalishaji. Tairi la leo linatoka mbali, na likiwa la mtumba lilikwisha kutembea nchi nyingine kabla ya kupakwa rangi nyeusi na kupangwa dukani liking'aa. Gari lililoagizwa Japani linaweza kuwa na kilomita chache na matairi ya tangu liliponunuliwa jipya. Mnunuzi huuliza injini, huuliza giaboksi. Ainame pia asome tarakimu nne, haimgharimu kitu.

Mvua huleta hatari ya aina nyingine. Maji yakiwa mengi kuliko mifereji ya tairi inavyoweza kuyatoa, tairi hupanda juu ya maji na usukani huwa mwepesi ghafla, kama haujaunganishwa na chochote. Watafiti wa NASA huko Langley, wakichunguza matairi ya ndege miaka ya 1960, walionyesha kwamba mwendo wa kuelea unategemea upepo wa tairi. Kwa kanuni yao, tairi la paundi 32 huelea karibu kilomita 94 kwa saa, na la paundi 20 huelea karibu 75. Tairi kipara huelea mapema zaidi kuliko lenye kashata. Ndiyo maana matairi mapya yakiwa mawili tu, mahali pake ni nyuma, ingawa mafundi wengi huyafunga mbele: gari linaloteleza mbele hugoma kukata kona na dereva huhisi, lakini linaloteleza nyuma hugeuka kabla dereva hajajua.

Gurudumu linalong'oka zima ni habari tofauti. Gurudumu la lori pamoja na rimu yake hukaribia kilo 100, na likichomoka kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa huendelea na mwendo uleule, bila breki na bila dereva. Katika jimbo la Ontario, Kanada, magurudumu ya namna hiyo yaliua watu mwaka 1995, na kelele za umma zikazaa sheria ya mwaka 1997: gurudumu likichomoka kwenye gari la biashara, mwenye gari hutozwa kuanzia dola 2,000 hadi 50,000 za nchi hiyo, wala hasikilizwi akisema alijitahidi kukagua. Ni sheria kali, na kwa maoni ya mwandishi ni ya haki, kwa sababu nati haijifungui bila kuacha dalili.

Uingereza nao waliteswa na swali la kwa nini magurudumu yanayochomoka mengi ni ya nyuma kushoto. Ripoti ya watafiti wa huko ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba magurudumu 150 hadi 400 ya magari makubwa huchomoka kila mwaka nchini humo, na kati ya hayo matatu hadi saba huua. Sehemu ya jibu iko kwenye nati. Malori ya zamani ya Kiingereza yalikuwa na nati za kushoto zinazokazwa kwa kuzungushwa kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Mfumo wa kimataifa uliofuata ulizifanya nati zote zikazwe upande mmoja, kulia na kushoto, na upande wa kushoto ukapoteza kinga yake.

Lakini uchafu nao ni chanzo kikubwa. Kutu, rangi nene au tope likibaki kati ya rimu na habu, nati hukazwa zikishikilia uchafu huo. Baada ya kilomita kadhaa uchafu husagika, nafasi hutokea, na mkazo hupotea ingawa hakuna nati iliyozunguka hata kidogo. Mistari ya kutu inayotiririka kutoka kwenye nati, matundu ya rimu yaliyopanuka kuwa kama yai, mlio wa kugongagonga kwenye mwendo mdogo: hizo ni dalili za saa au siku kadhaa kabla. Kukaza kwa bomba refu na uzito wa watu wawili nako si dawa, maana boliti iliyovutwa kupita kiasi hupoteza nguvu na hukatika baadaye. Nati hukazwa kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Basi lililobadilishiwa gurudumu Mbezi linapaswa kusimama na kukazwa tena kabla ya kupita Chalinze. Lililobadilishiwa Nairobi, kabla ya Naivasha.

Utingo anayepita akigonga matairi ya lori kwa chuma ana maarifa ya kweli. Sauti ya tairi lililojaa na ya lililopungua hazifanani, na kwenye magurudumu pacha lile la ndani halionekani vizuri. Moja likiishiwa upepo, pacha wake hubeba mzigo wa wawili, huchemka, na wakati mwingine hushika moto. Linalopaswa kuepukwa ni kulijaza tena, pale pale kando ya barabara, tairi la lori lililotembea bila upepo. Nyuzi zake za chuma ubavuni zinaweza kuwa zimekatika, na ubavu huo hufumuka kwa kishindo kinachoweza kumuua fundi aliyeinama mbele yake. Tairi la namna hiyo hufunguliwa likakaguliwa ndani kwanza, na hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, fundi akiwa amesimama mbali na ubavu.

Na likipasuka njiani? Mikono miwili kwenye usukani, gari lishikwe lielekee mbele. Mguu uondoke kwenye mafuta polepole, usikimbilie breki, kwa sababu breki ya ghafla huhamishia uzito kwenye kona iliyokwisha kupoteza tairi. Mwendo ukishuka wenyewe ndipo gari lipelekwe pembeni, mbali kabisa na lami. Pembetatu za onyo ziwekwe mbali nyuma. Matawi ya miti yasaidie tu pale ambapo hazipo, na yaondolewe safari ikiendelea, maana tawi lililoachwa usiku huleta ajali nyingine.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Gurudumu la basi lililochomoka na kuishia shambani kwa mtu, bila kumgusa yeyote, huwa hadithi ya stendi kwa siku mbili kisha husahaulika. Hakuna anayejua kama lilikuwa la nyuma kushoto, lilifungwa lini, na nani. Kampuni ya mabasi yenye daftari moja la kuandika kila tairi lililopasuka, pamoja na namba zake za DOT, nafasi yake kwenye gari, upepo uliopimwa asubuhi hiyo na mahali lilipopasukia, ingeweza kuona ndani ya mwaka mmoja kile ambacho mchambuzi wa State Farm alikiona katika madai 21. Kampuni za bima zingeweza kulidai daftari hilo kila bima inapokatwa upya, na wakaguzi wa magari wakalisoma kabla ya kuinama chini ya basi.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itazungumzia taa, vioakisi na malori yaliyoharibikia barabarani usiku.