UKIENDA UHOLANZI, JIFUNZE KWANZA MANENO YA MEZANI

Mtu anapokwenda ugenini, jambo la kwanza linalomtahini si masomo wala kazi, bali ni tumbo. Masomo huweza kungoja hadi Jumatatu, njaa haingoji. Tangu mwaka 1952, kilipoanzishwa chuo cha Institute of Social Studies mjini The Hague, vijana wengi wa Afrika wamekwenda Uholanzi kusoma, na mabaharia wa mataifa mengi hutia nanga katika bandari ya Rotterdam. Huenda msafiri wa kesho akawa ni mwanao, mwenzio, au wewe mwenyewe.

Ni kweli kwamba Waholanzi wengi wanakijua Kiingereza. Hata hivyo, ubao wa mkahawa mdogo na maandishi ya pakiti dukani aghalabu huwa kwa Kiholanzi. Asiyeweza kuyasoma atakula asichokitaka, au atashinda na njaa mbele ya chakula.

MANENO HUJENGWA KAMA NYUMBA

Habari njema ni kwamba Kiholanzi huunganisha maneno madogo kupata neno kubwa. Ukiyajua matofali, nyumba utaijenga mwenyewe. "Eten" ni kula, na pia ni chakula. "Avond" ni jioni. Basi "avondeten" ni chakula cha jioni. "Vlees" ni nyama, na "rund" ni ng'ombe; basi "rundvlees" ni nyama ya ng'ombe. "Lamsvlees" ni ya mwana-kondoo, na "varkensvlees" ni ya nguruwe. Kuku ni "kip", samaki ni "vis", wali ni "rijst", mkate ni "brood". Angalia usichanganye "ei", ambalo ni yai, na "ui", ambacho ni kitunguu.

Kiazi huitwa "aardappel", yaani tofaa la ardhi. Na chungwa ni "sinaasappel", yaani tofaa la Uchina. Katika orodha ya vyakula utaona "voorgerecht", chakula cha kutangulia. "Hoofdgerecht", chakula chenyewe, kwa kuwa "hoofd" ni kichwa. Na "nagerecht", cha kumalizia.

Kuhusu matamshi, "g" husikika kama "kh" ya neno sheikh, "j" husomwa "y", na "oe" husomwa "u". Mswahili aliyezoea kutamka "kheri" hatapata taabu kubwa.

MANENO YA KUJIHADHARI

Kwa Mwislamu, kwa mwenye mwiko, na kwa yule ambaye mwili wake haupatani na chakula fulani, neno moja laweza kuwa na uzito mkubwa. "Ham" na "spek" ni nyama ya nguruwe. "Rookworst", soseji iliyokaushwa kwa moshi, kwa kawaida ni ya nguruwe, na ndiyo inayotiwa katika "erwtensoep", ile supu nzito ya njegere inayopendwa wakati wa baridi. Usidhani kwamba supu ya njegere haina nyama.

Vilevile "filet américain", jina lisilotisha hata kidogo, ni nyama mbichi ya ng'ombe iliyosagwa na kupakwa juu ya mkate. Samaki maarufu aitwaye "haring" naye huliwa bila kupikwa, ila amekolezwa chumvi. Na "pindakaas", ijapokuwa "kaas" ni jibini, haina jibini ndani yake: ni siagi ya karanga. Anayedhuriwa na karanga alikariri neno "pinda" kabla ya jina la mtaa wake.

Sema hivi: "Ik eet geen varkensvlees", yaani, sili nyama ya nguruwe. Au uliza: "Zit hier varkensvlees in?" yaani, je, humu mna nyama ya nguruwe? Kuuliza si ujinga. Isitoshe, tangu wafanyakazi wa Uturuki na Moroko walipoanza kwenda huko kwa mikataba ya miaka ya 1960, bucha zenye neno "halal" zimeenea mijini.

ADABU ZA MEZANI

Usistaajabu mchana ukipewa mkate na jibini, bila kitu cha moto. Chakula kilichopikwa huliwa jioni, mara nyingi saa 12. Ukialikwa "op de koffie" saa 2 usiku, fahamu kwamba umealikwa kunywa kahawa na biskuti. Wenyeji wamekwisha kula, nawe kula kwanza kwako. Si uchoyo, ni desturi yao.

Mkahawani, mwite mhudumu "meneer" au "mevrouw", na kila ombi ulifuatishe na "alstublieft", yaani tafadhali kwa heshima. Kuomba hesabu ni "Mag ik de rekening?" Ukiulizwa "Samen of apart?" unaulizwa kama mtalipa pamoja au kila mtu chake, kwani huko kila mtu kujilipia si aibu. Na kabla ya kula, wote husema "Eet smakelijk", yaani kuleni kwa ladha.

VIUNGO VINAVYOTUUNGANISHA

Atakayetamani pilipili ataipata. Uholanzi iliitawala Indonesia hadi ilipoukubali uhuru wake mwaka 1949, na mapishi ya watawaliwa yakabaki katika meza ya mtawala. Ndiyo maana "nasi", "sate" na "sambal" ni maneno ya kila siku huko. Karafuu nayo huitwa "kruidnagel", yaani kiungo-msumari, kwa umbo lake. Waholanzi waliihodhi biashara yake katika visiwa vya Maluku, hata Wafaransa walipoitorosha miche mwaka 1770. Na katika karne iliyofuata Zanzibar nayo ikaipanda. Leo katika jibini la jimbo la Friesland utazikuta karafuu, na harufu yake utaitambua mara moja.

Basi, ndugu msomaji, kama kuna msafiri nyumbani mwako, kata vipande vya karatasi, andika majina haya, uyabandike kwenye kopo la chumvi, "zout", la sukari, "suiker", na la maziwa, "melk". Maneno matano kwa siku yatosha, na watoto watajifunza pamoja naye. Atakaposhuka kutoka kwenye ndege, ataweza kuomba anachokitaka, na kukataa kwa heshima asichokila.