Mzigo Hugawiwa kwa Uzito: Juu ya Kuweka Nakala za Kumbukumbu za Taifa

Mwananchi wa Rwanda anayenunua kiwanja siku hizi hapewi tena hati ya karatasi ya kuifungia sandukuni. Tangu mwaka 2023 hati ya ardhi nchini humu imekuwa ya kielektroniki. Kabla ya hapo, katika kazi kubwa iliyofanywa kati ya mwaka 2009 na 2013, viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10 viliandikishwa, kilima baada ya kilima, na hati za karatasi zikatolewa. Panya waliweza kuila hati moja, na moto uliweza kuiteketeza nyumba moja pamoja na hati yake. Lakini haikuwezekana hati zote zipotee kwa usiku mmoja. Sasa asili ni kile kilichomo katika kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu lililopangwa ndani ya kompyuta, na chochote kinachochapishwa ni kivuli chake tu.

Ziko pia kumbukumbu za mahakama za Gacaca, zilizofungwa tarehe 18 Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zipatazo milioni 1.9. Mahakama hizo ziliacha kurasa zaidi ya milioni 60, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono na mahakimu wa vijijini, na baadaye ilianza kazi ya kuzipiga picha na kuziingiza katika kompyuta. Katika kurasa hizo mjane husoma mahali alipozikwa mumewe, na mtu aliyeachiwa huru hupata ushahidi wa kwamba aliachiwa. Tunayataja mambo haya mwanzoni ili msomaji asidhani kwamba tunayoyaeleza hapa chini ni mambo ya mafundi peke yao.

Kila kanzidata yenye thamani haina budi kuwekewa nakala ya akiba, nayo iwekwe mbali na asili. Hilo linajulikana. Lisilojulikana na wengi ni kwamba kunakili nako kunahitaji muda, na muda wenyewe ni mfupi. Mchana watu wanaitumia mitambo, na kunakili kukifanyika wakati huo huwachelewesha. Basi kazi hufanywa usiku. Ikiwa mitambo inapumzika kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, hizo ni saa 6 tu. Kwa hiyo mafundi huianzisha mikondo kadhaa ya kunakili kwa wakati mmoja, kila mkondo ukichukua faili zake.

Hapo ndipo panapokosewa. Sisi tuliofunzwa jeshini tunaijua habari hii kwa njia ya malori. Msafara haujafika mpaka lori la mwisho lifike. Afande anayepakia malori manne kwa kuhesabu masanduku, matatu hapa na matatu pale, bila kuyanyanyua na kuujua uzito wake, atakuta malori matatu yamefika na madereva wake wanakunywa chai, huku la nne likipumua mlimani. Hata lile swali la kwamba madereva hao watatu wangeweza kusaidia halina maana tena, maana mzigo uko njiani.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi, kwa kuwa jinsi ofisi fulani inavyohifadhi kumbukumbu zake si jambo la kutangazwa gazetini. Kanzidata ina faili 12, na ukubwa wake kwa gigabaiti ni 260, 220, 200, 120, 100, 80, 60, 50, 40, 30, 20 na 20. Jumla ni gigabaiti 1,200. Tunayo mikondo minne, na kila mmoja hunakili gigabaiti 100 kwa saa. Tukigawa kwa idadi, faili tatu tatu kwa mpangilio huo, mkondo wa kwanza utabeba gigabaiti 680, wa pili 300, wa tatu 150, na wa nne 70. Wa nne utamaliza kwa dakika 42 na kulala. Wa kwanza utachukua saa 6 na dakika 48, yaani alfajiri itaukuta bado njiani.

Sasa tugawe kwa uzito. Faili huchukuliwa kuanzia kubwa kuliko zote kwenda chini, na kila moja hupewa mkondo ambao mpaka wakati huo una mzigo mdogo kuliko mingine. Msomaji mwenye penseli na ajaribu mwenyewe: ataona kwamba kila mkondo unapata gigabaiti 300 kamili, na kazi yote inakwisha saa 9 usiku. Mitambo ni ile ile, na haikuongezwa hata faranga moja.

Kanuni hiyo ilichunguzwa na mwanahisabati wa Marekani, Ronald Graham, ambaye pia aliwahi kuwa rais wa chama cha kimataifa cha wachezaji wa kurusha na kudaka mipira, mtu aliyezoea basi kuwa na vitu vingi hewani. Katika mwaka 1969 alithibitisha kwamba anayeanza na kubwa hawezi kuuzidi muda ulio bora kabisa kwa zaidi ya theluthi moja. Hakusema kwamba hukosei kamwe. Ukiwa na mizigo ya 3, 3, 2, 2 na 2 kwa mikondo miwili, kanuni itakupa 7, ilhali ukiziweka 3 zote mbili pamoja ungepata 6. Lakini kwa kazi ya kila usiku, kanuni inayoeleweka na karani wa zamu ni bora kuliko ukamilifu usiofahamika na yeyote.

Iko hali ambayo mgawanyo wowote haufui dafu. Faili moja ikiwa na gigabaiti 600 kati ya zile 1,200, itachukua saa 6 hata kama mikondo mingine yote inaitazama. Dawa yake ni kuikata faili yenyewe vipande, kila mkondo unakili kipande chake. Programu ya RMAN ya kampuni ya Oracle ilipewa uwezo huo mwaka 2007. Wala mtu asidhani kwamba kuongeza mikondo ni kuongeza kasi siku zote: mikondo minane inayosoma diski moja ni kama hamali wanane katika mlango mmoja wa ghala. Tena mafungu yakijazwa faili nyingi mno zilizochanganywa, siku ya kuirudisha faili moja itabidi fungu zima lisomwe, na siku hiyo ndiyo siku ambayo watu hawana subira.

Tuliwahi kukaa na watu wa ofisi moja hapa Kigali, ambayo hatutaitaja. Mkondo wao wa kwanza ulikuwa ukikatizwa kila asubuhi ili wateja wahudumiwe, na taarifa ya usiku ikisema: kazi 3 kati ya 4 zimekamilika. Kijana aliyekuwa akiisoma taarifa hiyo aliona kwamba robo tatu si haba. Hakuna aliyemwambia apime uzito. Katika mfano wetu wa juu, kazi 3 kati ya 4 ni gigabaiti 520 kati ya 1,200, yaani asilimia 43 tu. Na kinachokosekana daima ni faili kubwa, ambazo ndizo zilizobeba mengi.

Diski yao ilipokufa, faili zilizorudi ni zile ndogo. Wafanyakazi walishinda majuma kadhaa wakiandika upya kutoka katika majalada, hata siku za Jumapili, na yule kijana akiwa miongoni mwao, kimya. Aliwahi kutuuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye jalada, ingekuwaje kama karatasi zisingekuwapo. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Sasa taarifa ya ofisi ile huandikwa kwa gigabaiti, jumla iliyotakiwa na jumla iliyonakiliwa, na kila Ijumaa faili moja huchaguliwa kwa kura na kurudishwa katika kompyuta ya majaribio. Wanaanza na kubwa.