Kurasa za Elekana

Sogeeni, wanangu. Kisa hiki ni cha kweli, kilitokea mwaka 1861 kwenye Bahari ya Pasifiki, huko ambako visiwa vimetapakaa, kila kimoja peke yake.

Elekana alikuwa shemasi wa kanisa kisiwani Manihiki. Alikuwa mtumbwini na wenzake, kati ya Manihiki na kisiwa jirani cha Rakahanga, dhoruba ikawakuta na kuwapoteza. Walielea wiki nane. Hebu fikirini: wiki nane, jua la utosi, maji kila upande na hamna ya kunywa! Si wote waliofika hai. Waliosalia walitua Nukulaelae, katika visiwa tunavyoviita leo Tuvalu, karibu kilomita 2,000 kutoka kwao.

Wenyeji walikwishadokezwa habari za Mungu na mabaharia, ila mwalimu hawakuwa naye. Wakamsihi Elekana akae nao. Mikononi alikuwa na maandiko kwa Kirarotonga, nakala moja tu, na kila mtu alitaka kusoma. Afanyeje? Akakinyambua kitabu, akagawa kurasa. Wapo watakaosema aliharibu maandiko matakatifu. Mimi nasema alikuwa mwalimu hasa.

Baadaye akaenda Samoa kusoma katika chuo cha Malua. Hakuwapo mwaka 1863, meli za watafuta watumwa kutoka Peru zilipokuja. Inasimuliwa kwamba watu waliahidiwa kupelekwa mahali watakapofundishwa habari za Mungu, nao wakapanda melini kwa hiari yao. Nukulaelae ikabaki na watu wachache mno.

Mwaka 1865 Elekana alirudi, safari hii pamoja na mmisionari A. W. Murray na walimu wa Kisamoa. Angalieni hapo: wengi hudhani dini ililetwa huko na Wazungu peke yao, kumbe waliokaa vijijini mwaka hadi mwaka, wakifundisha na kuhubiri, walikuwa watu wa visiwa wenyewe.

Walimu hao walikuja na Biblia yao ya Kisamoa, na kwa zaidi ya miaka mia moja mtoto wa Tuvalu alisoma Neno kwa lugha ya jirani. Agano Jipya kwa Kituvalu lilitoka 1977. Biblia nzima ikafuata 1987, wakati baadhi ya wazazi wenu wameshazaliwa.