Atelie ya malakite mu parseli: vumbi isiingie mu nyumba

Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wengi wetu kisha kuacha kazi ya mugodi tunashika kazi ya mukono mu parseli. Tunakata malakite na kuilainisha: shanga, pete, visanduku. Kazi hiyo inalipa minerval ya watoto. Lakini mara nyingi mashini iko chini ya mwembe, karibu na jiko, pale watoto wanachezeaka.

Malakite ni jiwe ya mukuba. Mu kilo 1 ya malakite safi, zaidi ya nusu ni mukuba. Vumbi yake ni sumu kwa mapafu. Ku mugodi tuligombania maski na mayi ya kutuliza vumbi. Ku nyumba hakuna delege wa sendika wa kuita. Kwa hiyo ulinzi uwekwe mu plani ya atelie, mbele ya tofali ya kwanza.

Pahali kwanza. Kwetu upepo wa kiangazi unatokaka sana kusini-mashariki. Basi atelie ikae pembe ya kaskazini-magaribi ya parseli, ili upepo usirudishe vumbi mu nyumba. Iwe mbali na kisima na jiko. Tena tusimutupie muyirani vumbi yetu: kukata na kusugua kufanyike na mayi, si kwa kukauka.

Chumba cha metre 3 kwa 4 kinatosha kwa mutu mumoja. Dirisha kubwa iwe kusini: karibu miezi 8 ya mwaka jua inapita kwa kaskazini, kwa hiyo mwangaza utaingia bila kuchoma macho. Ingine iwe kaskazini, upepo upate kutoka. Meza ya mashini ishikane na ukuta wa magaribi. Mwangaza na upepo vitapita kando ya mufundi, vumbi haitarudi ku uso.

Chini, simenti laini yenye kuinama kidogo, iliyoinuliwa kupita udongo juu ya mvua ya Novemba mpaka Machi. Mayi machafu yaende mu shimo ya simenti, matope yatulie. Matope hayo tusiyamwange mu bustani ya lengalenga. Moteri na waya za kuran viwe juu, mbali na mayi. Swichi iwe karibu na mulango. Tusifagie kavu: tupanguse na kitambaa ya mayi.

Karibu na mulango, weka musumari wa kutundika nguo za kazi, na beseni ya kunawa. Mutu avue pale, anawe, kisha abebe mutoto wake.

Kama feza ni kidogo, tuanze na mayi, shimo na manjanja juu ya nguzo 4. Kuta zitafuata. Kibanda wazi chenye mayi ni bora kuliko nyumba nzuri yenye kufungwa, mufundi akikohoa ndani.