Mkate Ukizidi Chumvi, Onja Maji Kwanza

Mchuzi ukizidi chumvi huongezwa tui ukakaa sawa. Mkate wa kumimina ukizidi chumvi hauna dawa: ukishaiva umeiva. Lawama humwangukia aliyeshika kijiko, na pengine hana kosa. Kwa anayepika katika kisiwa kidogo kama Kisiwa Panza, huko Wilaya ya Mkoani, Pemba, uchunguzi uanzie kwenye ndoo ya maji.

Kisiwa Panza ni miongoni mwa maeneo ya Pemba ambako maji ya bahari yamepanda hadi kwenye mashamba na kuharibu kilimo. Chini ya ardhi mambo hayatofautiani sana. Kisiwani, maji baridi yatokanayo na mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Tabaka hilo likipungua wakati wa kiangazi, huku watu wakiendelea kuchota, chumvi hupanda kisimani. Bamvua kubwa nalo huweza kuisukuma. Hivyo kisima kilichotoa maji matamu wakati wa masika chaweza kubadilika ladha ifikapo Februari, na mpikaji akaendelea na vipimo vyake vile vile.

Tufanye hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya takriban gramu 35. Kisima kikichanganyika na bahari sehemu moja katika kumi, kila lita itabeba gramu 3.5. Kilo moja ya unga wa maandazi hukandwa kwa maji kama nusu lita, kwa hiyo karibu gramu 2 za chumvi zimeshaingia. Anayetia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, yaani gramu 3 hivi, amezidisha kipimo chake kwa zaidi ya nusu bila kujua.

Kwa mkate wa kumimina hali ni nzito zaidi. Mchele hurowekwa usiku kucha, nao hunywa maji. Asubuhi nazi hukunwa, ikakamuliwa kwa maji. Kisha mchele husagwa kwa tui hilo, na ukiwa mzito huongezwa maji tena. Maji ya kisima yameshaingia mara tatu kabla mkono haujagusa chumvi. Halafu sufuria hupaliwa makaa juu na chini: maji hutoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Kwa sababu hiyo hiyo, kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakupunguzi chumvi hata chembe.

Kabla ya kumimina, fanya jaribio hili. Changanya rojo lote bila chumvi. Pasha chuma, kipake mafuta kidogo, mimina kijiko kimoja cha rojo, kiive pande zote mbili, kipoe, ndipo uonje. Kikiwa na chumvi tayari, usiongeze kitu. Kikipooza, tia chumvi kidogo kidogo. Ishara nyingine ni hamira: chumvi nyingi huidhoofisha, na rojo huchelewa kuumuka.

Maji yakiwa salama, tazama mengine matatu. La kwanza ni aina ya chumvi. Kijiko cha chumvi ya mawe kina nafasi kati ya punje, hivyo hubeba chumvi pungufu kuliko kijiko cha chumvi laini. Ukibadilisha aina, badilisha na kipimo, na chumvi ya mawe iyeyushe kwanza ili isibaki mabonge. La pili ni siagi ya kopo, ambayo mara nyingi hutiwa chumvi kiwandani; soma maandishi ya kopo, na ukiitumia punguza chumvi. La tatu ni soda ya kupikia. Nayo ina sodiamu, na ikizidi huacha ladha ya chumvi iliyochanganyika na uchungu kama wa sabuni. Robo kijiko cha chai hutosha kikombe kimoja cha unga. Na palipo na hamira, soda haihitajiki.

Chumvi ikiwa imeshazidi kwenye rojo, dawa ni kuongeza wingi: mchele mwingine uliosagwa, tui jingine, vyote bila chumvi. Sukari huificha tu. Mlaji ataimeza ile ile. Unga wa maandazi nao uongezewe unga mkavu na maji yasiyo na chumvi, uachwe uumuke upya.

Kinga ni maji ya mvua. Masika na vuli, kinga maji kwenye pipa safi lenye mfuniko, ukiacha mvua ya kwanza ioshe paa, na yachemshe kabla ya kunywa. Yakiwa machache, changanya nusu kwa nusu na ya kisima: chumvi ya kisima itapungua kwa nusu. Yaweke akiba ya kuroweka mchele na kukamua nazi.

Jambo hili linazidi ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Anayekunywa na kupikia maji ya chumvi hukaribia kiwango hicho kabla hajafungua kopo la chumvi. Basi, ndugu mpikaji, onja maji yako kila msimu unapobadilika, kisha ndipo upime chumvi.